Injini ya Boti Niliyoiwasha Heru Juu

Mpendwa mpwa wangu Eliza,

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Naandika wazi, anayetaka kusoma asome, maana hata uongo wangu niliusema mbele za watu.

Unakumbuka mashine ya kusaga ya kijijini Titye ilipokamata, ikagoma kuzunguka, akina mama wamepanga foleni mpaka barabarani? Uliyeifungua ni wewe. Mimi nilishika spana na kuongea, mpaka ukaniambia, "Mjomba, punguza maneno, shika hapa." Ilipounguruma nikawatangazia kwamba nimeitengeneza kwa mkono mmoja, wa pili una kikombe cha chai. Siku ile ulicheka. Niliporudia hadithi hiyo msibani kwa mama yako, hukucheka. Ukahamia Mpanda.

Sasa sikia. Shamba la marehemu mama yako, nililoachiwa nikutunzie, nililibadilisha kwa boti iliyotumika, na injini yake. Nilitaka kuvusha watu mto Malagarasi, halafu nikurudishie mashamba mawili. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Boti ikafika Heru Juu juu ya lori, watu wakajaa uani. Jirani yetu Bizimana akauliza, "Mzee, itaelea kwenye mihogo?" Nikamjibu kwamba mimi naendesha boti tangu Ziwa Tanganyika likiwa kijito. Nikavuta kamba, ikawaka. Sikuizima, kila aliyechelewa nilitaka naye aisikie. Kumbe injini ile hupozwa na maji inayoyanyonya yenyewe mtoni, na uani kwangu hapana hata dimbwi. Ikatoa moshi, ikalia kama mbuzi, ikakamata.

Siku nne nimehangaika nayo. Nilitoa plagi, nikamimina oili na mafuta ya taa kwenye silinda, nikaiacha inywe. Kisha nikawa nalisukuma gurudumu la juu linalozungusha injini, kidogo mbele, kidogo nyuma. Mikono ilichubuka. Nililia, Eliza, na hapa siongezi chumvi.

Aliyenipa boti, mzee Hamisi wa Kasulu mjini, alikuwa amekubali turudishiane, "mradi izunguke kama nilivyokupa." Juzi ikazunguka. Nikaitumbukiza kwenye pipa la maji, ikawaka. Lakini ndani inakwaruza, hata mimi niliisikia. Bizimana akaninong'oneza, "Nyamaza. Mpe chake, chukua shamba la mtoto."

Nilipanda bodaboda nikiwa na nia hiyo hiyo. Nikamkuta Hamisi ameshawaahidi abiria kuwavusha Jumamosi kwa boti hiyo, wanawake wawili wamekaa barazani wakimuuliza kama magunia yao yataenea. Mmoja amebeba mtoto mgongoni. Nikawaona katikati ya mto, injini imezima, maji yanawachukua. Nikamwambia Hamisi yote, mpaka habari ya pipa.

"Basi boti ni yako," akasema. "Na shamba ni langu."

Leo nimepita kule shambani. Watu wa Hamisi wanalima. Niliwaomba tu waniachie mstari mmoja wa maharage yaliyokuwa yamekauka, wakaniachia. Nimeyapukuchua, nimeyafunga kwenye kitambaa. Ni mbegu yako. Pa kuipanda ndipo sina.

Ubaki salama huko uliko.

Mjomba wako, aliyekupotezea cha mama yako.