Gaspari Hakuwa Baba wa Babu

Murusagamba,
Ngara.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Laurian,

Shikamoo. Habari za Tunduru, na kile kifua chako kimepona? Huku sisi tu wazima. Mama goti bado linamsumbua lakini shambani anakwenda, ukimkataza mnagombana. Maharage tumeshavuna.

Kaa kwanza ndipo usome.

Tunalijengea kaburi la babu Anastazi. Fundi wa msalaba alitaka mwaka wa kuzaliwa na jina la baba yake, nikaenda parokiani, katekista akanifungulia kitabu cha ubatizo. Kaka, nilisoma mara tatu. Baba: Rusimbi wa Nyakahura, marehemu. Msimamizi: Gaspari.

Yaani huyo Gaspari tunayejiita kwa jina lake alikuwa baba wa ubatizo tu. Alimchukua babu akiwa yatima, akamlea, na siku ya kumwandikisha shule likaandikwa jina lake kama baba. Hatuna naye hata tone la damu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa Jeremia. Nilikuwa na hasira, sikukaa hata nilipokaribishwa. Ni yeye aliyesema mbele ya wazee, miaka kumi na tisa iliyopita, kwamba huwezi kumwoa Ernesta kwa kuwa naye ni wa uzao wa Gaspari, mtakuwa mmeoana ndugu. Ukaondoka, hukurudi hata kwa mazishi ya baba. Nilipomsomea nilichonakili alisema, "Mwanangu, sisi tulikuta tunaitwa hivyo." Nilimhurumia, na bado sijamsamehe.

Jana nikamwambia Ernesta, gulioni. Hukutaka kusikia habari zake, lakini aliolewa Kasulo, mumewe akafariki mwaka juzi, amerudi kwao. Alitua mkungu wake wa ndizi chini, akauliza, "Laurian ameshajua?" Nikamwambia nitakuandikia.

Fundi anasubiri jina. Mama amesema msalaba usiandikwe chochote mpaka mwanawe mkubwa aje.

Mama anakusalimu. Kezia na Nice wanamsalimu mjomba wao wasiyemjua. Baba mkubwa naye anakusalimu, ila kwa sauti ndogo. Mungu akufungulie njia ya nyumbani. Na kwa mara ya kwanza tangu uondoke, Ernesta anakusalimu.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,
Adelfina