Reli ya Baba na Jiko la Mkaa

Njombe, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute miguu imeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio mgonjwa. Sikupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako.

Unajua tangu baba atutoke nimekuwa nikiijenga reli yake, ndogo, juu ya ubao kwenye chumba cha uani. Stesheni ya Tabora, injini ya mbao, mabehewa manne. Njia yenyewe upana wa vidole viwili, spoku za baiskeli zimelazwa kama vyuma vya reli juu ya mataruma ya mabaki ya mbao za karakana yetu. Mkwe wako Salome hakunicheka hata siku moja. Paa la stesheni alipaka rangi yeye, na ile bendera ya kijani ambayo baba aliruhusia treni akaishona yeye, ndogo kama ukucha.

Mwezi huu baridi ya hapa haisemeki, gundi inakaa siku tatu haijakauka. Wenyeji huingiza jiko la mkaa ndani, lakini huacha mlango wazi. Mimi, mjuaji, nikafunga dirisha na mwanya wa mlango nikauziba kwa gunia, joto lisinitoroke. Jumamosi ya wiki iliyopita, mchana, nikamwacha Salome anapaka rangi, nikaenda dukani kununua msasa. Kurudi, yuko sakafuni, hewa ya mkaa imemlevya, jiko limepinduka, moto umeshika ubao upande wa stesheni.

Mama, nilimwona. Nilimwona vizuri kabisa. Nikabeba ubao kwanza, nikautoa nje, nikauzima kwa ndoo ya maji, ndipo nikarudi kumvuta mke wangu.

Alizinduka pale uani. Kichwa kilimuuma siku mbili, sasa mzima. Jumatatu alifunga nguo zake bila ugomvi, akapanda basi kwenda kwao Lugarawa.

Nilimfuata. Baba mkwe alinipokea kwa salamu yake ileile ya "kamwene", akanisogezea kiti mwenyewe, akanipa pole ya ajali ya moshi. Nikaipokea ile pole, mama. Nikasema asante baba. Kumbe Salome hajawaambia kitu.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikamweleza kwamba reli haipo tena, nimeichoma yote. Nilidhani atafurahi. Akauliza kama nimechoma na bendera yake. Akaendelea kumenya, kisha akasema taratibu, "Nilikuwa nakuona, Festo. Mwili ndio ulikataa kuinuka. Nilikuona unapita."

Tangu siku hiyo chakula hakipandi. Najiona mtu wa hovyo, na ndivyo nilivyo.

Sikuombi uje kunitetea. Njoo kama mama wa mume, kama desturi ilivyo, twende wote Lugarawa. Shuka Makambako, nitakuwa stendi tangu asubuhi. Barua hii naikabidhi kwa dereva wa lori la viazi anayekuja huko, umwambie yeye siku utakayosafiri.

Nisalimie dada Zawadi mshonaji, na mjomba aliyekuwa anapiga kengele ya stesheni. Akiuliza reli imefikia wapi, mwambie tu gundi ilikataa.

Lakini wewe njoo. Nikienda peke yangu, yule mzee atanipa pole tena, na mimi nitaipokea tena.

Mwanao,
Festo