Kisiwa cha Dada Bertha

Jumatatu, 7 Oktoba

Umeme umekatika saa kumi na moja na robo alfajiri. Uji wa Mama haujachemka. Unga umeganda chini, juu maji. Nimemwaga. Mama kanywa chai ya jana kwenye chupa, akaniuliza nimegombana na jiko? Nikamwambia nimegombana na mwenye jiko.

Mwenye jiko kalala. Dada Bertha, mkubwa wangu, mstaafu wa Dar. Karudi Newala mwaka jana na lori la vyombo na picha kwenye simu: jiko liko katikati ya chumba, watu wanalizunguka. Kajenga lake vile vile nyuma ya nyumba ya Mama, juu kabisa ya kisima chetu cha maji ya mvua. Mfuniko wa kisima sasa uko ndani, sakafuni. Jiko lenyewe analiita kisiwa. Jiwe jeusi juu, makabati chini yenye kufuli, funguo anavaa shingoni. Na katikati ya jiwe, plate nne za umeme za kioo. Newala! Huku umeme unakuja kama mkwe, ukikaa kidogo unaaga.

Shule nimefika nimechelewa. Darasa la tatu nimewakuta wanapigana. Tumbo tupu. Sina hamu na mtu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemwambia kwa adabu. Shikamoo kwanza, hoja baadaye. Plate za umeme zitoke, tuweke jiko la gesi kwenye shimo lile lile la jiwe. Mtungi ukae nje barazani.

Kasema gesi ni bomu. Kasema hajawahi kuipikia na hataanza uzeeni. Kasema nyumba ni ya Mama lakini kisiwa ni chake, na marumaru yake hata moja ikipasuka nitamjua yeye ni nani.

Ebo! Namjua tangu natambaa. Ndiye aliyekuwa akinimalizia ubwabwa, kisha anasema umeliwa na paka.

Jumapili, 13 Oktoba

Wageni wa kanisani. Akina mama kumi na mmoja baada ya ibada. Pilau langu, nyama ya mbuzi, mchele wa kuchambuliwa jana mchana kutwa. Umeme ukakatika mchele ukiwa na kiini. Tumekaa saa moja na nusu. Haukurudi. Tumewapa wageni mihogo ya kuchemsha kwa jirani.

Hilo ningelimeza. Lakini kasimama mbele yao, mikono kiunoni, akasema, "Mwieni radhi mdogo wangu, vyombo vya kisasa hajavizoea." Wakacheka. Mke wa katekista alicheka mpaka akafuta macho.

Kuanzia kesho shikamoo hapati. Miaka hamsini na moja nimempa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimempita ukumbini kimya. Kasubiri. Nimechukua mkoba nikaenda shule. Mama alikuwa na kikombe mkononi, akakiweka chini taratibu. Kwetu mtu anaweza kuiba kuku akasamehewa. Hili hapana. Najua, na nimefanya.

Ijumaa, 18 Oktoba

Dada kaenda Mkunya msibani, kwa shangazi wa marehemu mumewe. Atarudi Jumatatu.

Nimempigia fundi Saidi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Dawa ya moto ni moto. Leo nimeitumia.

Fundi Saidi kafika saa mbili. Kioo cha umeme kimetoka kizima, nimekifunga kwenye shuka na kukisukuma chini ya kitanda cha Mama. Jiko la gesi la plate tatu limekaa shimoni kama limezaliwa humo. Kazi ikawa mpira wa gesi. Mtungi uko barazani nyuma, kisiwa kiko katikati ya chumba. Kupasua marumaru, hapana, simpi huyo mtu sababu. Kupitisha ndani ya makabati haiwezekani, kufuli.

Wazo limetoka kwangu. Niliandike, maana ninajivunia. Kisima hakina maji tangu Agosti. Mpira ushuke kwa bomba la mvua linaloingia kisimani, uvuke humo chini, utokee kwenye tundu dogo nyuma ya kisiwa, penye nyaya. Hauonekani popote. Mpira mmoja haukufika, fundi kaunga miwili kule chini kwa klampu aliyokuwa nayo mkobani. Kaniambia mvua zikianza tutafute njia nyingine. Nikamwambia zikianza tutaongea.

Saa nane mchana nimepika wali. Dakika ishirini! Mama kala sahani mbili.

Jumatatu, 21 Oktoba

Karudi. Kasimama mbele ya kisiwa na mkoba wa safari begani. Nilikuwa nakaanga vitumbua. Nilitaka apige kelele. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga tangu Ijumaa.

Hakupiga kelele. Kaenda barazani, kautazama mtungi, kautazama mpira unaopotelea kwenye bomba ukutani. Hakuuliza unakwenda wapi. Mimi sikusema. Kaingia chumbani kwake kafunga mlango.

Vitumbua viwili vimeungua.

Jumamosi, 26 Oktoba

Hatusemezani. Kanunua jiko la mkaa, kaliweka nje upande wa choo, anapika huko amejifunga kitambaa puani. Mimi napika ndani. Mama anakula kwangu, kisha anakula kwake. Kanenepa. Ujumbe wote unapita kwake: "Mwambie mdogo wako ndoo yangu airudishe." "Mwambie dada yako ndoo ni ya Mama." Mama anafikisha anavyotaka. Leo kafikisha kwa Kimakonde, na kaongeza tusi ambalo sikulituma. Nimemwacha.

Jirani nimemwomba aje atusuluhishe. Kacheka tu. Ndugu wakigombana, kasema, chukua jembe ukalime. Kaenda kuokota korosho zake.

Jumanne, 5 Novemba

Mtungi umeisha! Siku kumi na saba. Fundi kaniambia utafika mwezi na zaidi, tuko watu watatu na mmoja anapika nje.

Najua nani. Nikiwa shule anapikia gesi yangu. Mkaa ule nje ni maonyesho. Hana haya. Nimemtuma Mama akamwambie mwizi wa gesi Mungu anamwona. Mama hakutaka kwenda. Nimelisema kwa sauti ukumbini, mlango wake ukiwa wazi.

Kajibu kutoka chumbani: "Mimi nikiguse kinyesi hicho? Thubutu!"

Nimenunua mtungi mwingine.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimenyunyiza unga wa muhogo kwenye vifundo vya kuwashia jiko kabla ya kutoka. Nimerudi, unga uko vile vile.

Kajua. Kapangusa, kanyunyiza upya.

Jumanne, 19 Novemba

Jikoni kunanuka kabichi iliyooza, hasa ukiinama karibu na mfuniko wa kisima. Takataka zake. Nimemwambia Mama amwambie. Mama kasema hasikii harufu yoyote. Mama hasikii harufu tangu enzi za Mwalimu, ugoro umemmaliza pua.

Mtungi wa pili nao mwepesi. Sitasema neno. Nitamkamata.

Jumapili, 24 Novemba

Mawingu upande wa Ruvuma. Joto la kukata pumzi. Nyumba nzima ya kanisa ilikuwa inajipepea kwa vitabu vya nyimbo.

Mama kasema kisima kisafishwe wiki hii. Kila mwaka ni hivyo, kabla ya mvua ya kwanza mtu anashuka na ufagio na ndoo, anatoa tope na mijusi, ndipo mifereji ya bati inafunguliwa. Huku juu maji ya mvua ndiyo maji. Ukikosa ya kwanza utanunua ya kupandishwa kutoka bondeni. Tangu usichana anayeshuka ni Dada Bertha. Mwembamba. Mimi hata nikiwa na miaka kumi na miwili nilikwama mabegani, na hadithi hiyo hajaacha kuisimulia.

Mpira wangu uko humo. Inabidi utolewe kwanza. Fundi Saidi yuko Kitangari mpaka Jumatano. Ningemwambia Dada asishuke kabla ya hapo. Ila sisemezani naye. Na miaka yote husubiri Jumamosi.

Jumatatu, 25 Novemba

Kisima kimewaka. Dada yuko Ndanda hospitali.

Siwezi.

Jumatano, 27 Novemba

Nyumbani. Niandike.

Wameniita shule saa nne. Nimekuta majirani uani, jikoni moshi, mfuniko umerushwa mpaka mlangoni. Dada kakaa chini kwenye mchanga, mikono ameinyoosha mbele yake kama amebeba mtoto. Nyusi hana. Ngozi ya mikono ilikuwa inateleza. Hakuwa analia. Jirani mwenye gari katupeleka, Masasi, kisha Ndanda. Njia nzima hakunitazama.

Mama kanieleza. Mawingu yalimtisha Dada, hakutaka kusubiri Jumamosi. Kafungua mfuniko. Hewa mbaya ikampiga, kama kila mwaka, zaidi ya kila mwaka. Hewa mbaya tunajua dawa yake, marehemu Baba alitufundisha: unafunga koroboi kwenye kamba, unaliwasha, unalishusha kwanza. Likizimika, usishuke, hewa itakuua. Likiendelea kuwaka, shuka.

Mama ndiye aliyesema, "Shusha taa kwanza, mwanangu." Anarudia hilo. Kakaa mlangoni na kikopo cha ugoro hajakifungua tangu juzi. "Ni mimi niliyemwambia ashushe taa."

Fundi Saidi kaja leo. Kavuta mpira kutoka kwenye bomba. Umeungua nusu. Klampu kule katikati ilikuwa ya bomba la maji, imelegea, kidole kinapita. Kumbe gesi ilikuwa inashuka chini siku zote inakaa humo, na mfuniko juu yake. Mitungi miwili. Aliyekuwa mwizi ni mimi.

Fundi kanitazama. "Mwalimu, tunasemaje?" Kisha kasema kwa sauti ya chini kwamba visima vya zamani vina hewa zake, kila mtu anajua. Watu tayari wanasema hivyo. Tena wengine wanasema Dada kaadhibiwa kwa kujenga juu ya kisima cha wazee.

Nimemwambia aende zake, nitamjibu.

Niseme ukweli hapa ambapo hapana wa kunisikia. Nimeona nafuu. Kwa muda wa kumsindikiza fundi mpaka barabarani, nimeona nafuu.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimeshuka kisimani mwenyewe. Tochi ya simu mdomoni, nimekaa kwanza asubuhi nzima mfuniko ukiwa wazi na madirisha yote. Nimekwama mabegani. Nimevua blauzi, nimejipaka mafuta, nimepita. Kuta nyeusi. Nimefagia. Nimetoa ndoo tisa za tope. Koroboi lilikuwa chini, bati limekunjamana, kamba imeungua.

Nimepanda nikamkuta Mama kakaa pale pale. Nimepiga magoti nikamwambia. Mpira, wazo la nani, jinsi nilivyonyamaza Jumapili. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kafungua kikopo chake, kavuta ugoro pande zote mbili, kakifunga.

"Nenda kamwambie," kasema. "Mimi sibebi tena maneno yenu."

Ijumaa, 29 Novemba

Ndanda. Mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka viwiko, uso umepakwa dawa nyeupe. Nesi kasema vidole vitapona, vingine havitakunja vizuri.

Nimesema, "Shikamoo, Dada."

Kimya.

Nikasema yote. Nimesimama, sikukaa. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna asikilize. Nilipofika kwenye mitungi na yale niliyosema ukumbini kuhusu mwizi, nilishindwa, nikarudia tena mwanzo wa sentensi mara tatu. Nikamaliza.

Kageukia ukutani.

Nesi kanitoa, akasema nitafute chakula cha mgonjwa. Hawezi kushika kijiko.

Jumamosi, 30 Novemba

Shikamoo. Kimya. Uji hakufungua mdomo. Mchana kamruhusu nesi amlishe. Mimi nimekaa nje kwenye benchi na bakuli la kwangu, limepoa, limefanya utando.

Nimempigia Saidi. Nimemwambia kila anayeuliza amwambie ukweli, na jina langu alitaje kwanza.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imenyesha Newala. Jirani kapiga simu, kasema mifereji imefunguliwa, kisima kinajaa, maji safi.

Nimepikia kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, mafiga matatu, kuni mbichi. Moshi umenitoa machozi. Uji wa ulezi, sukari kidogo, ndimu, anavyopenda yeye.

Shikamoo. Hakuitikia. Lakini kalala chali leo, hakugeuka ukutani. Nimekaa kitandani, nimemwambia kisima kinajaa. Kafumba macho muda mrefu. Nimechota kijiko nikakisogeza, nimemwaga tone shingoni, hapo zinapokaa funguo. Nimelifuta kwa kanga.

Kafungua mdomo. Nimempa. Kakunja uso.

"Moto," kasema. "Puliza."

Nimepuliza.