Madam Wamucii amesikia jina lake

Becky, uko? Shika simu. Basi wacha nikuandikie.

Unajua ile kikao ya kutafakari ya Wabudha naendanga Hurlingham kila Jumamosi? Mwalimu alisema wiki hii kila mtu achague mtu mmoja anamchukia, halafu kila siku akae kimya amtakie mema.

Nikachagua bosi. Madam Wamucii. Ningechagua nani mwingine?

Sasa leo saa saba ofisi iko tupu, nimekaa kwa dawati yangu nimefunga macho. Napumua. Nasema polepole, "Wamucii awe na amani. Wamucii asiumie." Kama mara kumi hivi.

Nafungua macho. Wamucii amesimama mbele yangu na kikombe ya chai.

Becky. Mbele yangu.

Akaniuliza, "Ndanu, nani amekuambia?"

Nikasema hakuna mtu.

"Basi ni Mungu amekuonyesha." Akaanza kulia. Wamucii! Yule aliniandikia barua ya onyo juu ya kuchelewa dakika nne!

Kumbe walimpata na uvimbe kwa titi. Kesho saa nne anaenda kuchukua majibu, na hajaambia mtu, hata bwana yake.

Sasa ningesema nini? Ati nilikuchagua juu nakuchukia? Nikamshika mkono.

Ameniomba nimsindikize. Nimekubali. Ananiita "dada yangu wa maombi".

Shida ni Jumamosi. Mwalimu ataniuliza nimefika wapi, na mimi sina mtu wa kuchukia tena.