Daktari Asiyeonekana Kiirua

Kiirua, 6 Mei 2024

Kajuju binti yangu,

Natumai kikohozi kimekuachilia. Sisi tuko salama, maharagwe yametoa maua.

Mtandao wako wa kuita madaktari wa mifugo umependwa sana huku. Lakini nikichagua Kiirua, fomu inaniletea daktari Kailemia, Kailemia, Kailemia, mpaka simu inajaa. Gatakaa, yule daktari mpya aliyepanga kwetu, hayuko kabisa, na alijiandikisha. Hajaitwa hata kwa kuku. Anadhani watu hawataki daktari mwanamke.

Mama yako

Embu, 7 Mei

Mama mpendwa,

Kikohozi kimeisha, ni baridi tu ya hapa.

Kailemia alikuwa anatajwa mara moja kwa kila kazi aliyowahi kufanya. Nimerekebisha, atajwe mara moja tu. Tena orodha ilikuwa inatengenezwa mfumo unapowashwa, halafu inabaki vile vile. Sasa itatafutwa upya kila mtu anapochagua mahali. Gatakaa ataonekana. Mwambie atulie.

Binti yako

Kiirua, 13 Mei

Kajuju,

Hujambo? Mgongo wangu leo hausumbui.

Kailemia sasa ni mmoja. Gatakaa bado hayuko. Nilimwambia umesema atulie, akanijibu, "Mama Kajuju, nimetulia mpaka nimechoka." Amepata kazi ya kuuza dawa Nairobi. Anaondoka Jumamosi, na ameanza kufunga vyombo. Mimi nimemzoea huyu mtoto.

Mama yako

Embu, 16 Mei

Mama,

Pole kwa kungoja. Niliacha kazi zingine zote.

Nimepata. Ili kuwapanga madaktari, mfumo ulikuwa unaunganisha jedwali la majina na jedwali la kazi walizofanya. Asiye na kazi hata moja hakupata wa kuunganishwa naye, akadondoka. Yaani Gatakaa hakuitwa kwa sababu hajawahi kuitwa. Hakuna aliyemkataa, hawakuwahi kumwona. Sasa mfumo unaanza na madaktari wote, mwenye kazi na asiye nazo. Mwambie leo hii, tafadhali.

Binti yako

Kiirua, 9 Juni

Kajuju wangu,

Salamu nyingi, na unisamehe kunyamaza. Nyumba haijatulia.

Ile Jumamosi Gatakaa alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Nilikuwa nimemweleza maneno yako, akanishukuru tu kwa heshima. Simu yake ikalia. Ni Marete, jirani yetu wa huko juu, amempata kwenye mtandao wako. Ng'ombe wake alikuwa anazaa na ndama amegeuka, na Kailemia alikuwa mbali, huko Ruiri. Gatakaa alitoka mbio na gamubuti zangu. Aliporudi alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, anacheka na kulia. "Ni mtamba, Mama. Anasimama." Tulifungua godoro pamoja.

Marete amempigia simu kila mtu anayemjua. Leo asubuhi ng'ombe wetu alichechemea, na kwa kuwa siku hizi Gatakaa hapatikani nyumbani, nikamwita kwa mtandao kama wengine. Akaniambia, "Kuna watu mbele yako, Mama Kajuju. Ngoja kidogo."

Nimekaa hapa mlangoni namngoja, na sijawahi kufurahia kungoja namna hii.

Mama yako