Kura ya Baba Mkwe

Jumatano jioni, siku ya uchaguzi. Mvua imenyesha Likasi tangu asubuhi, na moyo wangu ni mzito.

Leo nilimpeleka baba mkwe kupiga kura. Ni mstaafu wa kiwandani Shituru, na uzee umemfanya kipofu. Chaguzi zilizopita aliongozwa na mama mkwe, lakini mama tulimzika mwaka huu. Mume wangu amekwenda Kolwezi kikazi. Nikabaki mimi.

Katika familia yetu ya Kikasai, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Nikimpelekea chai naiweka mezani, nasogea, ndipo anachukua. Barabarani tunashika fimbo moja, yeye huku, mimi kule. Majirani wanatutania kwamba tunavutana kama mtu na mbuzi wake, ila hawasemi mbuzi ni nani.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mwema. Alitupitisha mbele ya foleni, akasema papa, yaani baba mkwe, ana haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe. Lakini mashine ya kura ni kioo cha kugusa chenye picha za wagombea, hakuna cha kupapasa. Lazima mtu amshike kidole.

"Mama, weye hapana," papa aliniambia kwa upole. "Mukwe hawezi kunishika mukono."

Akamchagua mwanamume aliyekuwa nyuma yetu, kwa kusikia sauti yake tu. Nilitaka kubisha. Nikabaki mlangoni, maana aibu ingekuwa yangu pia.

Walitoka upesi mno.

Yule mtu alisema, "Imeisha, papa," akarudi kwenye foleni. Papa akapakwa wino, watu wakampongeza, naye akatabasamu kidogo.

Tulipofika karibu na reli akasimama.

"Mama, alinishika kidole mbio mbio. Jina hakusoma. Nani njo nilichagula?"

Nilimwambia sijui alimchagua nani. Mimi nilikuwa mlangoni.

Siku ya mazishi ya mama mkwe, mzee huyu hakulia. Leo alilia njiani, watu wakipita, na mimi sikuweza hata kumfuta machozi. Nimeumia kuliko ninavyoweza kuandika.

Papa amelala bila kula. Nami najiuliza: uchaguzi ujao, Mungu akimweka hai, nitamshika mkono, au nitamwacha tena apige kura ya mtu mwingine?