Unga wa Babu Olimjon

Margilani

Dada yangu mpenzi Saodat,

Salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo wewe, hajambo shemeji, na huyo aliyemo tumboni anakusumbua? Mimi ni mzima, na moyo wangu umesuuzika.

Kitabu changu cha miaka ya vita kimeuteka mji. Muuza mikate alinishika mkono huku analia, akasema mama yake naye aliangua mayai ya nondo wa hariri kwa kuyafunga kifuani, ndani ya nguo, akilala chali asiyaponde. Akaniuliza, “We umeyajuaje haya, na hata kuzaliwa ulikuwa bado?” Niliyajua kwa kuzunguka nyumba za vikongwe, nikinywa chai yao na kuuliza mashudu ya pamba yalikuwa na ladha gani kwa mwenye njaa. Waliniambia yanakwaruza koo na kufunga tumbo, nami nikaandika vivyo hivyo.

Msomaji akishakuamini kwa nondo, atakuamini kwa lolote. Ndiyo maana wameamini pia habari za mtunza ghala aliyefungia unga huku watoto wakifa mlangoni pake. Nimempa jina lake halisi: Olimjon, babu yetu.

Unakumbuka Ami Ergash alivyomtoa mama nyumbani hata arobaini ya baba haijafika, akisema nyumba ni ya damu ya Olimjon. Jina la baba yake ndilo lililompa nafasi ya mbele katika kila karamu. Wiki iliyopita, kwenye pilau ya harusi, walimkalisha mlangoni penye viatu, na hakuna aliyemmegea mkate.

Akaja kwangu. Aliniomba niwaambie watu kwamba nimezua. “Mwanangu, baba hakuwa hivyo, na wewe unajua.” Nikamjibu, “Ami, si hadithi tu? Mbona inakuuma?” Alilia, mzee yule. Nilimtazama mpaka akamaliza, kisha nikamfungulia mlango.

Sasa nikwambie nililomficha kila mtu. Bibi Xosiyat, mmoja wa vikongwe wale, tuliyemzika majuzi, alinisimulia kwamba babu aliugawa unga ule kwa siri, akafungwa kwa ajili hiyo, na yeye Xosiyat alipona kwa unga huo. Aliponisihi niliandike hilo, niliitikia kwa kichwa. Sikuliandika. Ergash akilisema leo, nani atamsikiliza?

Kwa Ergash sijuti hata chembe. Lakini katika barua yako umeniuliza kama mtoto akiwa wa kiume umwite Olimjon. Usimwite hivyo, dada yangu. Watoto wa hapa wakicheza, anayewanyima wenzake chakula ndiye wanayemwita kwa jina hilo.

Msalimu shemeji, na ujifungue salama.

Mdogo wako,
Muyassar